Dimpo zinapasuka ukingoni: kosa liko kwenye dai la kubonyezea au kwenye tundu?

Bawa_Kigamboni:
Wakuu, heshima kwenu. Naunda usukani wa mkia wa ndege ya kujiundia. Ngozi ni alumini 2024-T3 ya inchi 0.020, mbavu ni 0.025, ribiti ni AN426AD3 (kipenyo inchi 3/32) za kichwa kinachozama sawa na bati. Kati ya dimpo 60 (vibonyeo vya kulaza kichwa cha ribiti) nilizopiga kwa fremu ya C (fremu inayoshika dai, ukaigonga kwa nyundo), nne zina ufa mwembamba kama unywele unaoanzia kwenye tundu. Nyingine hazina ufa, ila bati limevimba kuzizunguka. Ukiweka rula inacheza. Dai (vyuma vya kubonyezea, dume na jike) ni mpya. Nakosea wapi? Au niachane na dimpo, nichonge kauntasinki tu, yaani mdomo wa tundu uwe kama faneli?

FundiBati_Tabata:
Mkuu, hayo ni magonjwa mawili, usiyatibu kwa dawa moja.

Ufa umetoka kwenye tundu, dai usilisingizie. Ukibonyeza, mdomo wa tundu unatanuka kwa nguvu, na kijino chochote kilichoachwa na biti ndipo bati linapochanikia. Toboa kwa biti ndogo, malizia kwa rima (kifaa cha kusawazisha tundu) namba 40, kisha safisha kingo pande zote mbili kwa mkono, mizunguko miwili au mitatu. Pitisha kucha, ikikwaruza, rudia. Ila usichimbe: bati la nusu milimita likibaki na makali ya wembe mdomoni, litapasuka vilevile. Ukikosa namba 40, biti ya milimita 2.5 ya Kariakoo inatosha (namba 40 ni 2.49), mradi iwe kali.

Uvimbe ni nyundo yako inabembeleza. Piga pigo moja zito, lililonyooka. Dimpo iliyoiva ina duara kali, na mwanga wa taa haupindi hadi ukingoni kabisa. Dai dume likae upande wa nje, kitakapolala kichwa cha ribiti, na ncha yake iwe imeingia tunduni kabla hujapiga. Ikikosea unatoboa tundu la pili lililoshikana na la kwanza kama namba nane, na ngozi imekwenda.

Mazoezi fanyia vipande vya 2024 hiyohiyo. Bati laini la sufuria halipasuki hata ulitese, litakudanganya.

KipimoKwanza:
Kauntasinki kwa 0.020 sahau. Kwa ribiti za AD3 anzia bati la 0.032 kwenda juu. Chini ya hapo unakula unene wote na tundu linapanuka. Mahali pake ni kwenye kipande kinene kilicho chini ya ngozi yenye dimpo, na hapo chonga kina zaidi kidogo ya kichwa cha ribiti ili dimpo izame.

Urefu wa ribiti usikisie. Jumlisha unene: 0.020 + 0.025 = 0.045. Ongeza kipenyo cha ribiti (3/32) mara moja na nusu, 0.141, unapata 0.186. Hiyo ni karibu inchi 3/16, yaani AN426AD3-3. Kichwa cha ndani kikishapondwa kiwe na upana wa milimita 3.6 hivi na kimo cha 1.2. Kikilala upande mmoja, chuma cha kukingia mkia wa ribiti hakikukaa sawa. Nyundo ya hewa ya saizi 3X iweke shinikizo la paundi 35 hadi 40, usome geji ukiwa umeshika kifyatulio.

Bawa_Kigamboni:
Nimewaelewa wakuu. Zile nne zenye ufa je? Na ribiti iliyopinda naitoaje?

FundiBati_Tabata:
Zenye ufa usizifiche kwa rangi wala puti. Mwulize mwenye michoro kwanza. Mimi ngozi ya usukani ningeikata upya, ni bati dogo.

Ribiti mbovu: toboa katikati ya kichwa kwa namba 40, usipite kina cha kichwa, kivunje kwa pini, halafu gonga mkia utoke huku mwenzio amekingia ubavu kwa kipande cha mti chenye tundu. Tundu likipanuka kuna NAS1097AD4: shina ni nene zaidi, kichwa kinakaa kwenye dimpo ileile.

KipimoKwanza:
La mwisho, kwa joto letu la Dar: ile plastiki ya bluu usiiache miezi juu ya bati. Unyevu wa pwani unajificha chini yake na alumini inaanza madoa. Na maji ya kompresa yamwage kila siku kabla ya kuanza kazi.