Eti "kalale"! Mimi nikalale?

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule bingwa wa humu, mnamjua, yule anayejua kila kitu kuanzia sayari hadi minyoo, kaniambia nikalale.

Alikuwa anadai Neandertali, yule binadamu wa kale aliyetoweka, ni nyani tu aliyesimama, hatuhusiani naye. Nikamweleza kwa upole kwamba watu wenye asili ya nje ya Afrika wamebeba karibu asilimia 2 ya vinasaba vyake. Haikuletwa na upepo hiyo, watu walizaa!

Akabisha. Nikamletea yule binti wa pango la Denisova, Siberia. Kijipande cha mfupa cha sentimita 2 na ushee, kimeokotwa katikati ya maelfu ya vipande vya mifupa ya wanyama. Mwaka 2018 vinasaba vyake vikatangazwa: mama Neandertali, baba Mdenisova, jamii nyingine ya binadamu wa kale. Yaani nimemwekea mama na baba mezani!

Akajibu neno moja. "Kalale."

Kalale! Binti kakaa ardhini miaka kama 90,000 akingoja kuulizwa mama yako nani, kaulizwa, kajibu, halafu KALALE? Svante Pääbo kapewa Nobeli 2022 kwa kazi ya kusoma vinasaba vya kale, naye akalale? Na watu mkampigia makofi! Kalale!

KobeMzee: Sasa mkuu, umelala au bado?

JichoLaTatu: Hata wewe umeruka kitu. Utafiti wa 2020 ulikuta Waafrika nao wanavyo vinasaba vya Neandertali, kama asilimia 0.3, vililetwa na watu waliorudi Afrika. Ungeanza na hiyo asingekulaza.

Mleta uzi: Sijasema hawana! Soma! Hoja ni KALALE!

BintiSultani: Mimi wanaonikera ni wachoraji. Neandertali kila siku kapinda mgongo. Chanzo ni yule mzee wa Kineandertali wa La Chapelle-aux-Saints, Ufaransa, aliyefukuliwa 1908. Mzee wa watu alikuwa na baridi yabisi! Mgonjwa mmoja kapindisha ukoo mzima.

KobeMzee: Baridi yabisi usiitaje kabisa. Mimi ngazi napanda kinyumenyume.

Mleta uzi: Jamani, uzi wangu.

BintiSultani: Pole mzee. Goti la kulia au la kushoto?

KobeMzee: Yote mawili, ila la kushoto ndilo linalonitukana.