Mnaoishi kwenye majahazi na boti za tanga, usafi wa mwili mnaufanyaje? Tupeane uzoefu

Mchongoleani
Wakuu habari zenu. Nimefungua huu uzi kwa sababu kuna vijana wa mtaani wameanza kazi majahazini na wakirudi nyumbani wamechubuka mapajani, makwapa yamevimba, mwingine ana majipu kiunoni, ukiwauliza wanasema baharini hakuna maji ya kuoga. Inaniuma kwa kweli, manake hakuna aliyewakalisha chini akawaelekeza. Mi nimekulia kwenye kazi hii, tunapakia Tanga tunashusha Pemba, na safari ya siku moja inageuka wiki kwa vile upepo umekata au mzigo wa kurudi haujapatikana, unalala humo humo unapika humo humo.

Kinachomla baharia ni chumvi kumkaukia mwilini. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita moja, na chumvi inavuta unyevu, ndo maana shati ulilofua kwa maji chumvi halikauki sawasawa, ikifika usiku limekuwa chepechepe tena na ukifanya kazi linasugua. Mi naoga maji chumvi kwa ndoo, najisugua, najimwagia tena, halafu najifuta kwa taulo PALE PALE nikiwa bado nimelowa ili chumvi iondoke na maji isibaki kwenye ngozi, mwisho kopo moja la maji matamu linapita usoni, makwapani, mapajani na katikati ya vidole vya miguu. Nguo hivyo hivyo, kama maji matamu ni machache basi suuza chupi tu, shati litavumilia. Tukipakia saruji siachi hata saa moja, lile vumbi likikutana na jasho linaunguza ngozi.

Haya karibuni, kila mtu aseme anavyofanya.

Faza_kwetu
Umesema kweli ila umesahau sabuni. Sabuni ya mche ya dukani ukiisugua na maji chumvi haitoi povu, inakatika kama maziwa yaliyoharibika na ule utando unaganda kwenye nywele. Sababu ni kalisiamu na magnesiamu zilizomo baharini, zinashikana na sabuni kabla haijafika kwenye uchafu. Sabuni iliyopikwa kwa mafuta ya nazi ndiyo inayotoa povu hata kwa maji chumvi, huku Lamu tunabeba hiyo. Ukikosa, shampuu inafanya kazi, na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo pia, ila hiyo ya vyombo inakausha ngozi kwa hiyo ukimaliza jipake mafuta ya nazi.

Mkokotoni_01
Assalaam alaykum. Mie nataka kusema habari ya udhu na choo manake vijana wanaona haya kuuliza. Maji ya bahari ni tohara, mabaharia walimuuliza Mtume (SAW) jambo hili hili kwa kuwa walikuwa wanachukua maji matamu kidogo tu, akawajibu kuwa maji yake ni tohara. Kwa hiyo kutawadha, kuoga janaba, kustanji (kujisafisha baada ya choo), vyote bahari inatosha, dumu la kunywa usiliguse. Nahodha wetu ukitia mkono kwenye dumu la kunywa anakushusha bandari inayofuata, na mie namuunga mkono wallahi.

Choo chetu ni kile kisanduku cha mbao kinachoning'inia nje nyuma. Bahari ikichafuka usiende usiku bila kumwambia mwenzio, hata kama unaona aibu, watu wamepotea hivyo. Na ndoo ya kuchotea jahazi likiwa linakwenda usijifunge kamba mkononi, ifunge kwenye jahazi, ndoo ikijaa inavuta kwa nguvu za ajabu. Halafu bandarini tusichote kabisa, si ya kuoga si ya vyombo, pale mafuta ya mashine na vyoo vya mji vyote vinaishia hapo, na kipindupindu kikiingia kwenye chombo chenye watu wanaokula sinia moja kinapita kwa wote. Tunachota tukishatoka nje ya mji. Mpishi ndiye wa kwanza kunawa kwa sabuni kila asubuhi, hilo kwetu halina mjadala.

bint_Kilifi
Naona wanaume watupu humu, wacha niseme ya kwetu. Mimi nilikuwa mpishi kwenye boti ya tanga ya wageni, ikitia nanga hapa Kilifi na kuna wakati tunakaa baharini muda mrefu bila kukanyaga nchi kavu. Kuoga si shida. Tulinunua bomba la mkono la kupulizia dawa shambani, jipya, halijawahi kutiwa dawa (hilo msicheze nalo), tukalipaka rangi nyeusi nje tukaliacha juani, jioni maji yana uvuguvugu na lita mbili zinakutoa sabuni yote mwilini, hata nywele kama umesuka.

Shida ni hedhi. Kitambaa ukikifua maji chumvi kinakuwa kigumu kinachubua, na pa kuanika huna, watu wote ni wanaume na sitaha ni moja. Pedi nazo huwezi kutupa kwenye choo cha boti, kile cha kupampu kwa mkono kinaziba siku hiyo hiyo na atakayekifungua ni wewe, na kuzitupa baharini siwezi, kasa wanapita pale. Nikawa naweka kwenye kopo lenye mfuniko hadi tufike. Baadaye dada mmoja mgeni akanipa kikombe cha hedhi, kile laini unachokivaa ndani kinakinga damu, kinakaa muda usiozidi masaa 12, unakisuuza na kikombe cha chai cha maji matamu, damu ikiisha unakichemsha kwenye sufuria yake peke yake. Kilinibadilishia maisha kabisa. Nikamwomba nahodha kona ya kuoga yenye kanga mbili za kuzuia, na lita zangu za ziada siku zile bila kuulizwa kwa nini. Alikubali bila neno. Wadada ombeni, na manahodha mnaosoma hapa wekeni hilo pazia kabla hamjaombwa.

Muscat_kwa_sasa
Babu yangu mzaa mama alikuwa akija na jahazi kutoka Lamu hadi Sur kule Oman, boriti tele, kusi (ule upepo wa kutoka kusini) ikianza au ikiwa inaishia manake katikati bahari haiendeki. Maji yalikuwa kwenye tangi la mbao na kila mtu kipimo chake, hakuna aliyenawa uso kwa maji yale. Meno alikuwa na mswaki wa mti, na amezeeka nayo yote. Akifika alikuwa anatafuta kisima kwanza, soko baadaye.

Mkerewe
Sisi wa Ziwa Victoria maji ni matamu, povu hadi basi, lakini kuna kichocho. Kwenye mashua ya tanga sichoti ukingoni penye majani na konokono, nachota mbali, naacha kwenye pipa lenye mfuniko siku mbili ndipo naoga, vile vijidudu vinakuwa vimekufa. Na povu namwaga nchi kavu tukifika, ziwa hilo hilo ndilo tunakunywa.

Faza_kwetu
Na harufu ya sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka jahazi, mnaitoaje? Tumetoka kupaka jahazi wiki hii, nguo zote zinanuka papa.

Mchongoleani
Nguo za kupakia sifa zitenge kabisa, funga kwenye mfuko usizichanganye na za kulalia. Mikono sugua majivu na ndimu kabla ya sabuni. Ila kama harufu inabaki hata baada ya hapo angalia ngamani, maji yaliyolala kule chini na mabaki ya mzigo yananuka na yanaingia kwenye kila nguo, sisi tunayachota na kuyamwaga nje kila asubuhi kabla ya chai. Na @bint_Kilifi nimekuelewa, tuna abiria wanawake wa Pemba kila safari, pazia naliweka. Masika hii maji ya kuwapa yatapatikana, mvua ikianza tunaacha ioshe chumvi kwenye tanga kwanza, yakishaonjeka matamu ndo tunakinga madumu.