Kidato cha pili: mlinganyo wa kipeo cha pili uanze na vigawo au fomula?

Chaki Mbovu:
Wakuu, habari za muda. Mpangilio tuliozoea ni vigawo (kuandika mlinganyo kama zao la mabano mawili), kukamilisha mraba, fomula, halafu mafumbo ya maneno mwishoni wakati muhula umeshakwisha. Nasema tuupindue, fomula, ile x = (−b ± √(b² − 4ac)) / 2a, iende mbele. Chukueni x² + bx + c = 0, b na c ziwe namba kamili kuanzia 1 hadi 10. Hiyo ni milinganyo 100. Inayokubali vigawo vya namba kamili ni 14 tu, hesabuni wenyewe. Mtoto anafundishwa njia ambayo ukibadili tarakimu moja inakufa. Vigawo vinapendwa na walimu kwa sababu majibu yanatoka mazuri na daftari linasahihishwa haraka, basi.

Bibi Aljebra:
Linasahihishwa haraka? Mkuu, tuheshimiane. Kusahihisha vigawo ndiko kugumu, maana kosa linajificha katikati. Mpe mtoto 6x² + x − 12 = 0. Zao 6 × −12 = −72, jumla 1, kwa hiyo 9 na −8. Anaandika 6x² + 9x − 8x − 12, vizuri kabisa. Halafu 3x(2x + 3) − 4(2x − 3). Ameteleza hapo: akitoa −4 nje, −12 inatakiwa kuacha +3 ndani. Mabano hayafanani, anaanza kubuni. Wewe unayesahihisha lazima usome kila mstari. Fomula ndiyo ya wavivu, unaangalia jibu la mwisho unapita.

Chaki Mbovu:
Sijamwita mtu mvivu. Ila ukiona kofia imekutosha...

Bibi Aljebra:
Nimekuelewa vizuri sana. Haya, chukua fomula yako, 2x² − 5x − 3 = 0. Mtoto ataandika −b = −5, na ni 5. Ataandika b² = −25 kwa sababu hakuweka mabano kwenye (−5)². Halafu −4ac anaipata sawa, +24. Ndani ya kipeuo inabaki −1, anaandika kwa kujiamini "hauna jibu". Majibu ni 3 na −½. Na huyo ni yule mzuri. Mwingine mstari wa kugawanya anauchora chini ya kipeuo peke yake, −b inabaki inaning'inia nje. Unampa fomula yenye mitego minne mtoto ambaye alama hasi bado inamsumbua?

Kibodi Kavu:
14 ni sahihi, nimezihesabu. Lakini ndani ya hizo 100, mkuu umeingiza 38 ambazo b² ni ndogo kuliko 4c, hazina jibu lolote la namba halisi. Huwezi kuvilaumu vigawo kwa kushindwa kufungua kisichofunguka. Sema 14 kati ya 62.

Chaki Mbovu:
14 kati ya 62 bado haifiki robo. Asante kwa kuniunga mkono.

Kibodi Kavu:
Sijakuunga mkono. Nimerekebisha hesabu.

Pembe Tatu:
Wote mmeruka kitu cha kwanza kabisa: kwa nini upande wa pili lazima uwe sifuri. Andikeni ubaoni (x − 3)(x + 2) = 6 muone. Nusu ya darasa itasema x − 3 = 6 au x + 2 = 6, kwa hiyo 9 au 4. Ubaya wake ni kwamba 4 ni jibu kweli, 1 × 6 = 6! Akijaribu 4 inakubali, anafunga daftari. 9 hajaribu, inatoa 66. Njia sahihi ni kufungua mabano: x² − x − 6 = 6, x² − x − 12 = 0, (x − 4)(x + 3) = 0, majibu 4 na −3. Zao likiwa sifuri lazima kimoja kiwe sifuri, zao likiwa 6 halikulazimishi chochote. Somo zima la kwanza liishie hapo, kabla ya fomula na kabla ya vigawo. Na hao hao ndio wanaogawanya x² = 5x kwa x na kuipoteza 0.

Mtu wa Historia:
Fomula ilitungwa na mwanahisabati Al-Khwarizmi kule Baghdad miaka ya 820. Tusiione kama kitu cha juu cha kufikia mwishoni.

Kibodi Kavu:
Al-Khwarizmi hakuwa na fomula ya herufi, aliandika kwa maneno matupu, tena aligawa milinganyo mafungu sita kwa sababu hakutumia namba hasi. Mfano wake maarufu ni mraba na vipeuo 10 vyake sawa na 39, yaani x² + 10x = 39. Kwa mchoro: mraba wa upande x, mistatili miwili ya 5 kwa x, unajaza pembe iliyobaki kwa 25, jumla 64, upande 8, x = 3. Huko ni kukamilisha mraba. Na −13 haikuonekana, maana mchoro hauna upande hasi. Wababiloni walikuwa na mafumbo ya aina hiyo zaidi ya miaka 2,000 kabla yake.

Bibi Aljebra:
Sasa huo mchoro ndio wa kuanzia! Karatasi, mkasi, dakika kumi.

Mti wa Mwembe:
Kwani mnabishana nini jamani. Sisi huku Kenya kalkuleta inaingia KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ile isiyo ya kuprogramu, na majedwali ya KNEC, baraza letu la mitihani, pia. Nyinyi wa Tanzania Hisabati ya kidato cha nne mmezoea majedwali tu, ndiyo maana mnakimbilia maswali ya vigawo. Mnaogopa kipeuo.

Chaki Mbovu:
Kuogopa tena? Mtoto wa majedwali anajua ukubwa wa namba. Wenu kalkuleta ikimwambia 36 anaandika 36.

Mti wa Mwembe:
Anajua ukubwa wa namba? Mpe 3x² − 9x − 4 = 0. Ndani ya kipeuo ni 81 + 48 = 129. Jedwali la vipeuo lina sehemu mbili, 1 hadi 10 na 10 hadi 100. Yeye anafungua ya pili, anasoma 12.9, anapata 3.592, anazidisha kwa 10: 35.92. Alitakiwa asome 1.29, yaani 1.136, apate 11.36.

Chaki Mbovu:
Anayekumbuka kwamba 11² ni 121 na 12² ni 144 hawezi kuandika 35.92. Ni kumfundisha kukadiria kabla ya kufungua jedwali.

Pembe Tatu:
Akikosea, kuhakiki kwa jumla ya majibu mawili (inatakiwa −b/a, yaani 3) hakumwokoi. Majibu sahihi ni 3.393 na −0.393, jumla 3. Ya makosa ni 7.487 na −4.487, jumla 3 vilevile, kwa sababu kipeuo kinajumlishwa upande mmoja na kutolewa mwingine. Kinachomkamata ni zao: linatakiwa c/a, yaani −4/3, yeye ana karibu −33.6. Walimu wengi wanafundisha kuhakiki jumla tu.

Mti wa Mwembe:
Kalkuleta ingemaliza hayo yote.

Bibi Aljebra:
Kalkuleta ukiandika −5² inakupa −25. Tumerudi kwa yule mtoto wa "hauna jibu", safari hii ana mashine ya kumtetea.

Mti wa Mwembe:
Si uweke mabano?

Bibi Aljebra:
Nilisema nini juu kule kuhusu mabano?