London na mzee asiyeweza ngazi: hoteli ya Heathrow, ya Stratford au ya King's Cross?

BintiMvita:

Asalaam aleikum ndugu zangu. Mwezi wa Agosti, inshallah, nitasafiri kutoka Mombasa kwenda London pamoja na mama yangu na wanangu wawili, mmoja wa miaka 8 na mwingine wa miaka 12. Mdogo wangu anasoma SOAS, chuo kilicho karibu na Russell Square, na bweni analokaa haliruhusu wageni kulala, kwa hiyo hatuna budi kutafuta hoteli ya wiki nzima. Mama amefika miaka 70 na magoti yanamsumbua. Mahali tambarare hutembea vizuri, lakini ngazi humchosha mno. Pia anatumia insulini.

Nimeamua tuchukue hoteli ya kampuni yenye matawi mengi, kama vile Premier Inn, Holiday Inn Express au ibis, kwa sababu sitaki kufika ugenini na mzee nikute chumba kisichofanana na picha nilizoziona. Kinachonitatiza ni mahali. Hoteli zilizo karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow ndizo za bei rahisi kuliko zote nilizoziona, za Stratford zina bei ya wastani, na zile za King's Cross na Euston zinakaribia mara mbili ya zile za Heathrow. Je, tofauti hiyo tunapata kitu kwa kuilipa, au tunalipia jina la mtaa tu? Ningependa pia kujua habari za chakula cha halali, na mahali ambapo mama anaweza kuswali Ijumaa.

MkaziWaNewham:

Waaleikum salaam, dada. Ninaishi mashariki mwa London, na jamaa wanaotoka Unguja huniuliza swali hili karibu kila msimu, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Heathrow iondoe kwanza. Bei ile inavutia, lakini uwanja uko kanda ya 6 ya nauli (kanda huhesabiwa kuanzia katikati ya jiji), na treni ya Piccadilly kutoka pale hadi Russell Square huchukua karibu saa nzima. Zaidi ya hapo, nyingi ya hoteli zinazoitwa za Heathrow haziko ndani ya uwanja, bali zimejipanga kando ya barabara ya Bath Road, ambako ni lazima upande basi kabla hujaifikia hiyo treni. Ukijumlisha kwenda na kurudi, familia yako itakuwa safarini zaidi ya saa mbili kila siku, na nauli ya kuvuka kanda zote hizo italipwa kila siku pia. Hoteli ya uwanjani inamfaa mtu anayelala usiku mmoja ili awahi ndege ya alfajiri.

Kwa mtu mwenye magoti mabovu, kilomita si kipimo kizuri. Hesabu ngazi na idadi ya mara mtakazobadilisha treni. Vituo vingi vya treni za chini ya ardhi vilijengwa zamani, na hata vyenye lifti huenda vikakuachia ngazi chache mwishoni. Kituo cha Russell Square chenyewe kinakupa mfano, kwani lifti ipo lakini baada ya kutoka ndani yake bado kuna ngazi za kushukia jukwaani. Njia ya treni ya Elizabeth, iliyofunguliwa Mei 2022, ni tofauti kabisa, kwa sababu vituo vyake vyote vinakuwezesha kutoka barabarani hadi jukwaani bila kupanda hata ngazi moja.

Ndiyo maana ninaipendekeza Stratford. Treni ya Elizabeth inakufikisha Tottenham Court Road kwa takriban robo saa, na kutoka hapo SOAS si mbali. Ipo hoteli ya Premier Inn ndani ya eneo la maduka ya Westfield, hatua chache kutoka kituoni, na zipo za kampuni nyingine pia. Watoto watapata nafasi ya kukimbia katika bustani ya Olimpiki ya 2012, na chakula cha halali huku mashariki hakitafutwi kwa tochi. Jambo moja tu nakusihi uliangalie unapoweka chumba: hakikisha imeandikwa London. Kuna mji mwingine uitwao Stratford-upon-Avon, ambao uko mbali sana na London, nao una hoteli za kampuni hizi hizi.

MsafiriMkongwe:

Namheshimu ndugu wa Newham, na kuhusu Heathrow ninakubaliana naye kwa kila neno, lakini kwa familia hii mimi ningelipa zaidi nikae barabara ya Euston Road au karibu na King's Cross.

Sababu yangu ni mchana. Watu wanapochagua hoteli huifikiria asubuhi ya kutoka na usiku wa kurudi, na kwa vijana hesabu hiyo inatosha. Mzee wa miaka 70 na mtoto wa miaka 8 wanahitaji kurudi chumbani saa saba au saa nane mchana, wapumzike, waswali, mama achome sindano yake kwa utulivu, kisha watoke tena jioni, ambapo mwezi wa Agosti jua la London huchelewa kuzama hadi karibu saa mbili usiku au baada yake. Mtu aliye Stratford harudi mchana. Atasema njia ni ndefu, ataketi kwenye benchi la bustani akivumilia, na siku ya tatu mama ataanza kusema yeye abaki hotelini, nyinyi nendeni. Hapo ndipo bei nafuu inapogeuka kuwa ghali, kwa maana umemleta mama kutoka Mombasa akakae chumbani.

Kutoka Euston Road hadi SOAS ni mwendo wa takriban dakika 15 kwa miguu, mahali tambarare. Makumbusho ya British Museum yako jirani na chuo hicho, kuingia ni bure, na mnaweza kuyatembelea kwa vipande, saa moja leo na saa moja kesho, badala ya kumburuta mzee humo siku nzima. Kituo cha King's Cross St Pancras kinapitiwa na njia sita za chini ya ardhi na kina lifti hadi kwenye majukwaa yake. Treni ya Piccadilly inatoka Heathrow hadi hapo moja kwa moja, na kwa kuwa inaanzia uwanjani mtapata viti na nafasi ya mizigo. Kuna treni za haraka zaidi kutoka uwanjani hadi Paddington, lakini mtalipa zaidi na bado mtakuwa na safari nyingine mbele yenu.

Jambo la pili ni mabasi, ambayo wageni wengi huyasahau kwa sababu ya kuzoea ramani ya treni. Ramani hiyo, ambayo asili yake ni mchoro wa Harry Beck uliochapishwa 1933, haifuati vipimo vya umbali, na vituo viwili vinavyoonekana mbalimbali huenda vikawa vimetenganishwa na mwendo wa dakika tano tu. Mabasi ya London yana sakafu ya chini na ubao wa kupandishia kiti cha magurudumu, nauli yake ni moja popote uendako, na ukishalipa unaweza kupanda mabasi mengine ndani ya saa moja bila kulipa tena. Mama akikaa kiti cha mbele ataliona jiji, jambo ambalo treni ya chini ya ardhi haimpi mtu.

Kuhusu nauli, huyo wa miaka 8 hatalipa treni za chini ya ardhi wala mabasi akiwa na mtu mzima. Wa miaka 12 mchukulie kadi ya Oyster, yaani kadi ya nauli ya London, kisha mwombe mfanyakazi wa kituo amwekee punguzo la watoto wageni, naye atalipa nusu. Wewe na mama mnaweza kugusisha kadi zenu za benki, lakini kila mmoja awe na yake, kwa sababu kadi moja haiwezi kufungulia watu wawili njia.

KarimuWageni:

Dada BintiMvita, niliwahi kufanya kazi mapokezi katika hoteli ya aina hiyo hapa London, kwa hiyo nitaacha habari za treni kwa wenzangu na kuzungumzia chumba.

Mahali pazuri hapatakufaa ikiwa chumba hakimfai mama. Vyumba vya familia vya Premier Inn hupokea watu wazima wawili na watoto wawili walio chini ya miaka 16, lakini kwa kawaida kitanda kikubwa ni kimoja, na watoto hulala kwenye vitanda vidogo vya kuvuta au vya sofa. Maana yake wewe na mama mtalala kitanda kimoja. Kama hilo si tatizo, chumba kimoja kinawatosha. Kama ni tatizo, linganisha bei ya vyumba viwili kabla hujaamua mtaa, kwani huenda hapo hesabu ya Stratford na Euston ikabadilika. Jihadhari na zile zinazoitwa hub, ambazo ni za kampuni hiyo hiyo na nyingi ziko katikati ya jiji kwa bei ya kupendeza. Vyumba vyake ni vidogo sana, vimekusudiwa watu wawili, na baadhi havina madirisha.

La pili ni bafu. Vyumba vingi vya kawaida vina bomba la mvua juu ya sinki refu la kuogea, na ili uoge ni lazima unyanyue mguu uvuke ukingo wake. Mtu mwenye magoti mabovu anaweza kuteleza hapo, tena asubuhi ya kwanza, kabla hata hamjaona jiji. Piga simu hotelini, useme wazi kwamba unahitaji chumba chenye bafu la sakafu tambarare. Vyumba hivyo si vingi na huisha mapema.

La tatu ni insulini. Usitarajie friji chumbani, maana katika hoteli za bei hii mara nyingi utakuta birika la umeme na vikombe tu. Uliza mapema kama mapokezi wanaweza kuitunza dawa kwenye friji yao, na uombe jibu kwa maandishi ili mfanyakazi wa zamu ya usiku asije akasema hajui habari hiyo.

Kwa upande wa chai ya asubuhi, Premier Inn huwapa watoto wawili chakula cha bure kwa kila mtu mzima anayelipia mlo kamili, na kwa familia yako hiyo ni nafuu ya kweli. Nyama ya nguruwe ipo mezani, lakini mayai, uyoga, maharagwe, mkate na matunda vipo vya kutosha.

Mwisho, soma jina la hoteli mpaka mwisho wake. Eneo hilo moja lina Premier Inn ya King's Cross iliyoko York Way, ya St Pancras na ya Euston, na hizi mbili za mwisho ziko kando ya Euston Road. Nimeshuhudia wageni wakifika na mizigo yao katika hoteli isiyo yao. Angalia msimbo wa posta pia, kwa maana haufichi ukweli wa mahali: WC1, N1 na NW1 ni maeneo hayo mnayoyazungumza, E15 na E20 ni Stratford, na ukiona UB au TW ujue umerudi upande wa Heathrow, hata kama jina la hoteli limeanza na neno London.

MpangaSafari:

Nyongeza fupi kuhusu malipo. Bei ya chini kabisa unayoiona mtandaoni mara nyingi ni ile isiyorejeshwa. Mkenya anahitaji viza ya kuingia Uingereza, hivyo usilipe bei hiyo kabla hamjapata majibu ya viza zenu zote nne. Weka chumba kwa bei inayokuruhusu kughairi, hata kama ni ghali kidogo, na uweke kupitia tovuti ya kampuni yenyewe, ili ukihitaji kubadilisha tarehe uzungumze na wenye hoteli badala ya dalali. Kama tarehe zenu zinaweza kusogea, epukeni wikendi inayoishia Jumatatu ya mwisho ya Agosti. Jumatatu hiyo ni sikukuu, kanivali ya Notting Hill hufanyika siku hizo, na vyumba hupanda bei.

BintiMvita:

Nawashukuru sana, Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Habari ya kurudi mchana ndiyo iliyonifungua macho, kwa sababu mama ni mtu wa kuvumilia na kamwe hatasema amechoka. Nitachukua chumba cha familia Euston Road kwa bei ya kughairi, na kesho nitawapigia simu kuhusu bafu na insulini kabla ya kuthibitisha. Wakisema hawana bafu hilo, nitawauliza wa King's Cross, kisha wa Stratford. Limebaki la Ijumaa na chakula.

MkaziWaNewham:

Umeamua vyema, dada, na hoja ya mwenzangu kuhusu mchana imenishawishi hata mimi.

Kwa chakula, nyuma kidogo ya kituo cha Euston kuna mtaa uitwao Drummond Street, wenye mikahawa ya Kihindi na ya Kibangladeshi, ambako mama atapata biriani na viazi vya rojo visivyo mbali na anavyovijua. Uliza halali katika kila mkahawa, kwani mingine ni ya mboga tupu na mingine huuza pombe.

Kwa Ijumaa, wengi watakuelekeza msikiti mkubwa wa Regent's Park, ambao ni mzuri kweli, lakini kituo chake cha Baker Street kina ngazi nyingi, kwa hiyo kule nendeni kwa basi au teksi. Mkitaka treni, pandeni ya Hammersmith & City hapo King's Cross, mshuke Whitechapel bila kubadilisha popote. Kituo hicho kina lifti, na East London Mosque uko kwenye barabara hiyo hiyo ya Whitechapel Road, una sehemu ya wanawake. Fikeni mapema, kwa sababu saa ya khutba panajaa sana, na mwombe mmoja wa wasimamizi ampatie mama kiti.