Mawakala mnaouza kampuni ya Seychelles "pamoja na akaunti ya benki": mnawaibia watu

Wakuu, uzi ni mrefu na una hasira. Mwenye haraka apite.

Tangazo linajulikana. Lipa leo, ndani ya wiki mbili unakuwa na kampuni ya uwekezaji Seychelles na akaunti ya dola. Kampuni inakuja kweli, kwa sababu kusajili kampuni ya kimataifa chini ya sheria yao ya 2016 ni kazi ya siku chache. Akaunti haiji. Mteja anabaki na hati yenye muhuri mzuri, ada za kila mwaka za serikali na za wakala wa huko, na hana pa kupokelea hata dola mia. Huo ni wizi. Anayemsajilia mtu kampuni ya forex (biashara ya fedha za kigeni), CFD (mikataba ya kubashiri bei bila kununua mali yenyewe), kripto au mfuko wa kukusanya mitaji ya wawekezaji anajua tangu siku ya kwanza kwamba kampuni ndiyo kipande chepesi, kazi yote iko benki.

Utaratibu unaotakiwa ni kuanza na benki. Unaandika kurasa mbili tu: biashara ni nini hasa, wamiliki ni nani, wateja watatoka nchi zipi, mwezi mmoja zitaingia na kutoka kiasi gani, sarafu gani, leseni ya nani. Unazipeleka benki tatu au nne kabla hujalipa senti ya usajili, unauliza kama wanapokea biashara ya aina hiyo na kampuni za nchi hiyo. Jibu la hapo ndilo linalokuambia usajili wapi. Wakala anayegeuza utaratibu huu anafanya hivyo kwa sababu kamisheni yake iko kwenye usajili.

Kwa nini benki zinaogopa? Dola hupita New York. Benki ya kisiwani au ya Dar ina akaunti kwenye benki kubwa inayopitisha dola zake, na hiyo ikikata uhusiano, wateja wote wa benki ndogo wamekwama, pamoja na mwenye duka la vipuri asiyejua forex ni kitu gani. Sisi Watanzania tuna mfano wa nyumbani. FBME ilikuwa na makao makuu Dar es Salaam, lakini sehemu kubwa kabisa ya biashara yake ilikuwa Cyprus. Julai 2014 Wizara ya Fedha ya Marekani kupitia FinCEN, kitengo chake cha uhalifu wa fedha, ikaitaja kuwa benki ya kutiliwa shaka kubwa ya utakatishaji fedha, milango ya dola ikafungwa, na Mei 2017 Benki Kuu ya Tanzania ikaifutia leseni. Bima ya amana, yaani fidia ya mteja benki ikifa, wakati ule iliishia shilingi 1,500,000 kwa mteja. HSBC, benki kubwa ya Uingereza, nayo ilikubali kuilipa Marekani dola bilioni 1.9 mwaka 2012 kwa kushindwa kuzuia utakatishaji. Baada ya hapo hakuna benki inayotaka kuhatarisha njia yake ya dola kwa mteja anayeiletea ada ya dola mia chache kwa mwezi.

Hiyo naielewa. Nisichokubali ni benki kupokea faili, kulikalia wiki nane, kuomba nyaraka mara tano, halafu kuandika sentensi moja: "Hatutaweza kuendelea na ombi lako." Kama sera yenu haipokei madalali wa forex, mnalijua hilo siku ya kwanza. Semeni siku ya kwanza. Nyingine zinachukua ada ya kupitia faili isiyorudishwa, kisha zinakataa kwa sababu iliyokuwa imeandikwa kwenye mstari wa kwanza wa fomu.

Na hii orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, imekuwa kisingizio: ni orodha ya nchi zenye mapungufu zinazofuatiliwa. Tanzania iliwekwa Oktoba 2022 ikatolewa Juni 2025, Kenya iliwekwa Februari 2024. FATF yenyewe imeandika wazi kwamba haiagizi uchunguzi wa ziada kwa nchi iliyo kwenye orodha hiyo, na haitaki wateja wakatwe kwa jumla. Someni. Orodha ya Umoja wa Ulaya ni kitu kingine, ile inazilazimisha benki zao kuchunguza zaidi, na Kenya iliingizwa humo 2025. Benki ya Ulaya ikimwomba Mkenya nyaraka za ziada ina sheria nyuma yake. Ikimkataa kwa pasipoti tu, hiyo ni sera yake yenyewe, isijifiche nyuma ya FATF.

Sasa uongo unaonikera kuliko wote. Wakala anaona biashara ni forex, anaandika kwenye fomu "ushauri wa kibiashara". Akaunti inafunguliwa, mteja anafurahi. Mwezi wa kwanza zinaingia dola 250, dola 500, dola 200 kutoka kwa watu themanini wa nchi kumi. Ushauri gani unalipwa hivyo? Mfumo wa benki unainasa. Fedha zinazuiwa, inaombwa mikataba na ankara ambazo hazipo, akaunti inafungwa, na taarifa inapelekwa kwa kitengo cha kudhibiti fedha haramu. Benki haikwambii kuhusu taarifa hiyo kwa sababu sheria inaikataza kukutonya. Aliyesaini fomu ni mkurugenzi, wakala hana saini popote. Fedha za wateja zimefungwa, na wateja wanamdai mkurugenzi huyohuyo.

Faili lenyewe linavunjika sehemu zilezile kila mara. Mchoro wa umiliki lazima ufike kwa binadamu, usiishie kwenye kampuni nyingine. Nchi nyingi zinaanzia asilimia 25 ya hisa kumtambua mmiliki manufaa, yaani binadamu anayeimiliki kampuni kwa kweli, sheria ya Kenya inaanzia 10, na benki inayoshika biashara hatarishi hushuka hadi 10 hata pasipolazimishwa. Mkurugenzi wa kuazima, anayewekwa jina tu kwenye hati, si kosa, kumficha aliye nyuma yake ndilo kosa.

Halafu watu wanachanganya chanzo cha fedha na chanzo cha utajiri. La kwanza linauliza hizi dola 200,000 za mtaji zimetoka akaunti gani, kwa muamala gani. La pili linauliza ulipataje mali katika maisha yako. Kama uliuza kiwanja, benki inataka mkataba wa mauzo, ushahidi wa uhamisho wa hati, risiti ya kodi ya TRA, na taarifa ya benki inayoonyesha fedha zikiingia kwa kiasi kilekile na tarehe inayolingana. Aliyelipwa taslimu na kuweka nyumbani miezi minane amejikata mguu, hata kama kila shilingi ni halali. Mkopo wa ndugu bila mkataba ulioandikwa kabla ya fedha kutoka hauhesabiwi.

Uthibitisho wa makazi ni aibu ya kipekee. Benki ya nje inataka bili ya umeme ya miezi mitatu iliyopita. Sisi tunanunua LUKU, umeme wa kulipia kabla! Haina bili ya mwezi, na S.L.P. hawaitaki. Barua ya Serikali ya Mtaa ni ya Kiswahili, itafsiriwe na kuthibitishwa na wakili. Kinachopita vizuri zaidi ni taarifa ya benki yenye jina la mtaa na namba ya nyumba, kwa hiyo nenda benki yako ya hapa ukabadilishe anwani miezi miwili kabla. Hakikisha pia majina ya NIDA, pasipoti na taarifa ya benki yanafanana herufi kwa herufi. Saidi na Said ni wiki tatu za maswali.

Mihuri pia. Seychelles na Mauritius zimo katika Mkataba wa Hague wa 1961, zinatoa apostili, muhuri mmoja unaofanya hati ikubalike katika nchi nyingine za mkataba huo. Tanzania na Kenya hazimo, kwa hiyo hati ya BRELA, msajili wa kampuni wa Tanzania, inathibitishwa wizarani kisha ubalozini. Wakala anayekuahidi "apostili ya Dar" hajui kazi.

Mauritius kuna mchezo mwingine. Kampuni yenye leseni ya biashara ya kimataifa inahitaji wakurugenzi wawili wakazi wa kule, akaunti kuu kule, na hesabu zilizokaguliwa kule. Ni gharama. Basi wakala anakuuzia Authorised Company, aina nyingine ya kampuni ya kule, kwa bei ya chini bila kukwambia kwamba hiyo si mkazi wa kodi wa Mauritius, hivyo mikataba ya Mauritius na nchi nyingine ya kuzuia kutozwa kodi mara mbili, uliyoifuata, haikuhusu.

Na ile "akaunti ya benki Ulaya" mara nyingi ni taasisi ya fedha za kielektroniki, kampuni ya malipo isiyo benki. Si haramu, kwa malipo ya kila siku inafaa. Lakini haina bima ya amana, na Juni 2020 Wirecard, kampuni ya malipo ya Ujerumani, ilipoanguka, watumiaji wa kadi zilizotolewa na kampuni yake tanzu ya Uingereza walifungiwa kwa siku kadhaa bila kosa lao. Uliza kama IBAN (namba ya akaunti ya kimataifa) ni ya jina la kampuni yako au la taasisi. Kama ni la taasisi, mwekezaji ataona jina asilolijua na atarudisha fedha.

Wanaopokea malipo ya kadi wahesabu akiba inayoshikiliwa, yaani sehemu ya mauzo ambayo mchakataji wa kadi anaizuia kwa muda kama dhamana. Asilimia 10 kwa siku 180, ukiingiza dola 100,000 kwa mwezi, kufikia mwezi wa sita dola 60,000 zako ziko kwa mchakataji. Kampuni ngapi zimekufa hapo zikiwa na wateja wazuri?

Kabla ya kumlipa wakala, mtake aandike jina la benki, kwamba imeshaona muhtasari wako na imejibu nini, na sehemu gani ya ada inarudi ikikataa. Asipoandika, usilipe. Mwenye mkataba wa wakala unaosema "huduma ya kutambulisha benki" afute majina, auweke hapa chini. Neno "kutambulisha" ndilo wanalojifichia, tulichambue kifungu kwa kifungu.