Naomba ushauri: risasi ya .380 (ndogo) au ya 9mm (yenye nguvu zaidi) kwa bastola ya kubeba kiunoni?

Hamjambo wakuu. Leseni ninayo tayari, kilichobaki ni kuchagua bastola ya kubeba ndani ya suruali, shati likiwa juu, hapa Nairobi.

Walther PPK ya .380 nimeiondoa. Mtutu wake haujifungi na slaidi (kipande cha juu kinachorudi nyuma ukifyatua), kwa hiyo springi ni ngumu kuvuta na teke la kurudi mkononi ni kali kupita udogo wa risasi yenyewe.

Zimebaki Glock 42 (.380) na Glock 43 (9mm). Zote magazini ni risasi sita. Ikiwa na magazini tupu, 42 ina gramu 390 hivi na 43 kama 510. Nimezifyatua zote uwanjani: 42 ni tulivu, ila ukiilegeza mkononi ganda tupu hubanwa na slaidi kabla halijatoka. Pia .380 yenye tundu kwenye ncha mara nyingi huziba kwa kitambaa na haipanuki, na jaketi za Julai hapa mnazijua.

Wanaobeba .380, mnaweka risasi ya ncha butu au yenye tundu? Na 43 kiunoni, mpini hauchomozi ukiketi garini na mkanda umefungwa?