Tupeane uzoefu: ni ukurasa gani wa Joseph Conrad uliokufanya ufunge kitabu?

Wakuu, salamu kwenu.

Uzi huu si wa kubishana kama Conrad, yule mwandishi wa Kiingereza mwenye asili ya Poland, aliwadhalilisha Waafrika au la. Chinua Achebe alilisema hilo waziwazi katika mhadhara wake wa mwaka 1975 kule Massachusetts, nami nakubaliana naye. Ninachotaka ni habari yako wewe: ulikuwa wapi, ulisoma nini, ukashindwa kuendelea wapi, na ulipofunga kitabu ulifanya nini.

Naanza mimi. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, Dar, nasoma Heart of Darkness, riwaya yake fupi ya safari ya meli ya mvuke kupanda mto ndani ya Afrika, kwenye fotokopi iliyofifia pembeni. Nikafika kwa yule mchochea moto wa boila. Mtu mzima, chale tatu kila shavu, jicho haliondoki kwenye geji ya mvuke, kazi anaiweza barabara. Mwandishi anasema kumtazama ni kama kumtazama mbwa aliyevikwa suruali na kofia ya manyoya, anatembea kwa miguu ya nyuma. Nikafunga. Babu yangu mzaa mama alichochea moto kwenye treni za mvuke za Reli ya Kati. Mikono yake ilikuwa na makovu ya cheche hadi viwikoni, na akisikia mlio wa injini alikuwa anakwambia maji yamepungua kiasi gani.

Likizo ile nilikwenda na daftari, nikamkalisha chini anisimulie. Kurasa 60 za mwandiko wangu ninazo mpaka leo. Babu hayupo tena.

Karibuni.

Baharia wa Tanga

Mkuu, pole na babu. Mimi nataka kumtetea Conrad kidogo, maana bahari aliijua. Alikula chumvi ya meli karibu miaka ishirini kabla ya kutoa kitabu chake cha kwanza.

Nilimsoma nikiwa kwenye meli ya mizigo, Bahari ya China Kusini, hadithi ya Typhoon. Kapteni MacWhirr ni mtu wa maneno machache, hana makuu. Katikati ya kimbunga anaingia chumba cha ramani gizani, anawasha kiberiti, anaona baromita imeshuka kuliko alivyowahi kuona maishani. Halafu anakirudisha kiberiti mahali pake palepale kwenye kibao, kwa uangalifu, na hapo ndipo linapomjia wazo kwamba huenda hatakigusa tena.

Nikafunga kitabu, nikapanda sitahani kuvuta pumzi. Nami nimewahi kufanya vilevile. Usiku mmoja meli inalala ubavu, vyombo vyote vinaruka jikoni, nami nimeshika kikombe changu natafuta msumari wake nikitundike. Sikuwahi kumwambia mtu, hata mke wangu, kwa sababu sikuwa na namna ya kulieleza. Jamaa aliyezaliwa 1857, mbali kabisa na bahari, alikuwa ameshaliandika.

Lakini nikubali hili pia. Chini kwenye ngama ya meli ile wamo vibarua 200 wa Kichina wanaorudi kwao na akiba zao kwenye masanduku. Masanduku yanapasuka, dola zinatawanyika, watu wanaumizana gizani. Mwishowe kapteni anawagawia fedha sawa kwa sawa. Vizuri. Ila katika watu 200 hakuna hata mmoja mwenye jina. Nimefanya kazi na mabaharia wa mataifa mengi, na wote nawajua kwa majina.

Wa Kisangani

Wandugu, kile kituo cha mwisho wa safari katika Heart of Darkness ni mji wetu, Kisangani. Conrad alifika hapa Septemba 1890 na meli ya mvuke Roi des Belges, karibu mwezi mzima toka Kinshasa. Wakati huo pakiitwa Stanley Falls, na Leopold, mfalme wa Ubelgiji aliyeitawala Kongo, alikuwa amemfanya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa Zanzibar, kuwa liwali wa hapa tangu 1887. Maana yake Kiswahili kilikuwa kikisemwa kwenye ukingo huu huu alioshukia. Kitabuni hakimo. Mto hauna jina, mji hauna jina, na weusi wanapata sentensi mbili tatu tu za kiingereza kilichovunjika.

Mimi nilikisoma kwa Kifaransa, nimekaa kwenye mawe ya Wagenia, wavuvi wa maporomoko ya hapa. Nilifunga pale anaposema mto ni mtupu na kimya ni kikubwa. Mbele yangu wavuvi walikuwa juu ya miti yao, wanashusha migono mikubwa kwenye maporomoko, na wanapigiana kelele kwa nguvu zote, kwa sababu pale maji yanavuma mpaka usipopaza sauti hata aliye karibu nawe hakusikii. Kimya kiko wapi?

Mchoraji, Nairobi

Mimi kilichonigusa ni jibu la mchoraji mwenzangu. Catherine Anyango, mwenye asili ya Kenya na Sweden, alikichora Heart of Darkness kuwa kitabu cha picha mwaka 2010, kwa penseli, na ndani yake vimo vipande vya shajara ya Conrad mwenyewe ya Kongo. Nilifunga kila baada ya kurasa tatu hivi. Ule weusi wa penseli ni mzito, unauona mkono ulivyorudia na kurudia. Tangu hapo nimeacha wino kwa mwaka mzima. Natamani mtu amchore yule mchochea moto peke yake, uso mzima, na geji mbele yake.

Bi. Mkubwa wa Kent

Wanangu, mimi naishi Kent, kaunti aliyoishi na kufia Conrad. Kaburi lake liko Canterbury, na jina lake la Kipolandi limechongwa likiwa na makosa ya herufi. Nililitazama sana jiwe lile. Jina langu nalo limekosewa kwenye karatasi nyingi za nchi hii.

Hadithi yangu ni Amy Foster, ya 1901. Mgeni kutoka milima ya Carpathia meli yake inazama pwani ya huku huku, anaokoka peke yake, anaoa msichana wa kijijini. Siku moja anashikwa na homa kali, Kiingereza kinamtoka, anaomba maji kwa lugha ya kwao. Mke haelewi, anaogopa ile sauti, anambeba mtoto anakimbia. Asubuhi mume anakufa.

Nilifungia pale kwenye maji. Mume wangu ni Mwingereza, tuna miaka 19 pamoja. Nikamwamsha usiku ule ule, nikamwambia sema nami: maji. Alikosea mara mbili, ya tatu akapata.